Mwaka wa Nne Hakuna Anayekuletea Supu

Wanawake wanaonipigia simu kuniuliza habari za upasuaji wa kupunguza uzito huuliza karibu maswali yale yale. Inauma sana? Unalazwa muda gani? Wali utaanza kula lini? Nawajibu yote, kwa sababu nami nilikuwa na maswali hayo hayo. Lakini huwa nawaomba wasikate simu kwanza. Wiki za mwanzo zina watu wengi wa kukusaidia: daktari, muuguzi, mume, dada aliyekuja kukaa nawe, majirani wanaopishana mlangoni na bakuli za supu. Mwaka wa nne hakuna anayekuletea supu. Watu wameshaizoea sura yako mpya, picha zako za zamani hazimshangazi mtu tena, na wewe ndio kwanza unaanza kujua mwili huu unataka nini.

Mimi nilifanyiwa Chennai, India, karibu miaka kumi iliyopita. Tuliuza kiwanja cha Kibaha, mimi na mume wangu, tukaenda. Nilikuwa na kilo 134, kisukari cha kuchoma insulini asubuhi na jioni, presha, na magoti yaliyokuwa yameshagoma kiasi kwamba naswali nimekaa kwenye kiti. Nilichofanyiwa kinaitwa baipasi. Daktari hutenga sehemu ndogo ya juu ya mfuko wa chakula, ukubwa wa yai hivi, akaiunganisha na utumbo mwembamba mbele kidogo, ili chakula kiuruke mfuko uliobaki pamoja na mwanzo wa utumbo. Ule mfuko wa zamani hautolewi. Unabaki mle ndani, ila haupokei chakula tena. Kuna aina nyingine ambayo sehemu kubwa ya mfuko hukatwa na kuondolewa kabisa. Na tangu hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, waanze kuwawekea watu puto ndani ya mfuko wa chakula, wengi wanadhani yote haya ni kitu kimoja. Puto linawekwa kwa muda, kisha linatolewa. Hii yangu nitazikwa nayo, ndiyo maana naizungumzia kama maisha na si kama matibabu yaliyokwisha.

Nianze na neema, maana nisipoitaja nitakuwa sina shukrani. Insulini niliiacha kabla sijarudi Dar es Salaam. Presha ilishuka nikabaki na kidonge kimoja. Na baada ya miezi kadhaa, alfajiri moja, nilitandika mswala chini badala ya kuvuta kiti. Nikarukuu, nikasujudu, paji la uso likagusa chini, nikainuka peke yangu bila kushika ukuta. Kwa miaka sikuwa nimesujudu hivyo. Mtu akiniuliza kama ningekubali tena kuuza kiwanja kile, namsimulia alfajiri hiyo.

Uzito wenyewe una mwendo wake, na ni vizuri mtu aujue mapema. Mwaka 1987 madaktari wa Sweden, wakiongozwa na Lars Sjöström, walianza kuwafuatilia watu wenye unene uliopitiliza, waliopasuliwa na wasiopasuliwa, na utafiti wao umetufundisha mengi kuhusu miaka ya mbali. Waliofanyiwa baipasi walikuwa wamepungua kama asilimia 32 ya uzito wao baada ya mwaka mmoja hadi miwili. Baada ya miaka 10 upungufu ulikuwa umebaki asilimia 25. Hao ni watu waliokuwa wakifuatiliwa na kupimwa. Kwa hiyo kurudi kwa kilo kadhaa hakumfanyi mtu kuwa mvivu wala mlafi. Mwili unapigania kurudi ulikotoka, na unapigana kila siku. Mimi nilishuka hadi kilo 84, nikakaa hapo kwa muda, kisha nikapanda pole pole hadi 93, na hapo ndipo nilipo. Daktari wangu wa hapa nyumbani aliniambia nisiupime uzito wa leo kwa ule wa mwaka wa pili, niupime kwa ule niliopanda nao ndege kwenda India. Maneno hayo yalinipa usingizi.

Maneno ya watu ni mtihani wa peke yake. Kwetu Pwani mwili ni ushahidi wa raha. Mwanamke akinawiri, mumewe husifiwa kwa kumtunza. Nilipoanza kupungua, wifi yangu alinivuta pembeni kwenye shughuli akaniuliza kwa sauti ya chini, "Wifi, mbona umepukutika hivyo? Kaka yangu anakutesa?" Shuleni ninakofundisha ikanong'onwa kwamba nimeukwaa ule ugonjwa, na nikaona mwenzangu mmoja anaacha kuchangia nami kikombe. Kisha kilo zilipoanza kurudi, midomo ile ile ikasema kiwanja kimeliwa bure. Siku hizi nina jibu moja fupi, la kweli, na silibadilishi: nilipasuliwa kwa sababu ya kisukari, na kliniki naendelea nayo. Wengi linawatosha. Anayetaka zaidi kwa nia njema hurudi siku nyingine, tukakaa, nikamweleza.

Tuje kwenye chakula. Mfuko wangu leo unapokea zaidi ya ule wa mwezi wa kwanza, na ndivyo unavyotakiwa kuwa, lakini bado nashiba haraka. Maana yake kinachoingia kwanza ndicho nitakachokipata. Sisi tumelelewa kumega tonge, kuchovya mchuzi, na kipande cha samaki kukiacha cha kumalizia. Mimi nageuza. Samaki kwanza, au maharage, au dagaa, halafu mchicha, ugali ukipata nafasi, tonge mbili tatu. Niliambiwa nisishuke chini ya gramu 60 za protini kwa siku, na yai moja lina kama gramu 6 tu, kwa hiyo siku isiyopangwa haitimii. Dagaa wamenisaidia kuliko ule unga wa kopo niliorudi nao kutoka India: ni rahisi kupatikana, wanakaa, na nikiwapika na nyanya na karoti nyumba nzima inakula chakula kimoja, sio mama na sufuria yake ya mgonjwa.

Maji hayaendi pamoja na chakula. Nikimaliza kula nasubiri nusu saa ndipo ninywe, na hapo nanywa kidogo kidogo, maana glasi nzima kwa mkupuo haipiti. Chupa iko kwenye mkoba saa zote. Kufundisha vipindi viwili mfululizo kwenye joto la Februari bila chupa hiyo siwezi.

Ukitembelea watu ndipo unapojua ugumu wake. Kwenye sinia sina shida kabisa. Tukikaa watano kuzunguka pilau, hakuna anayehesabu mkono wangu umekwenda mara ngapi. Nachagua nyama, natafuna taratibu, napiga soga. Sahani ya peke yangu ndiyo inayonianika, hasa ikishapakuliwa na mwenye nyumba kwa mapenzi mpaka imefurika. Kumrudishia mtu chakula chake nusu ni kumwambia neno baya, hata kama hukulikusudia. Kwa hiyo nampigia mwenyeji mapema: "Dada, nakuja, ila mimi unipakulie kwenye kisahani cha chai, nikitaka nitaomba." Kisahani kikirudi jikoni kitupu, yeye anafurahi, nami nimekula kwa amani.

Jambo lililonitisha kuliko yote lilinikuta Tanga, kwenye harusi ya mtoto wa binamu yangu. Ilikuwa mwaka wa tatu, na nilijiona nimeshafuzu. Nikahi ilipopita, halua ikaletwa na kahawa chungu, kisha juisi ya ukwaju. Nilikula kama kila mtu alivyokula. Saa moja na nusu baadaye tulikuwa uani tunachambua mchele wa chakula cha usiku. Kwanza nilisikia jasho la baridi likinishuka mgongoni. Mikono ikaanza kutetemeka mpaka ungo ukawa unacheza. Nikamwona shangazi anazungumza nami, midomo inakwenda, lakini maneno hayaingii. Nilitaka kusema "nishikeni" nikashindwa kulipata hilo neno. Mmoja akasema ni presha. Mwingine akaanza kunisomea. Binamu yangu ambaye ni muuguzi akakimbilia chumbani kwa bibi, akaja na mashine ya kupimia sukari, akanitoboa kidole: 2.6.

Mimi niliyeishi na sukari ya juu miaka kumi na zaidi, nilikuwa naanguka kwa sukari ya chini. Nilikuja kuelezwa baadaye. Kwa mtu mwenye baipasi, sukari ya halua haikai mfukoni kusubiri. Inashuka upesi kwenye utumbo, inaingia kwenye damu kwa kishindo, na kongosho linajibu kwa kumwaga insulini nyingi kupita kiasi. Halua ikishaisha, insulini bado ipo, na sukari inaporomoka. Mara nyingi hali hii hujitokeza mwaka mmoja au zaidi baada ya upasuaji, wakati mtu ameshaacha kuhusisha chochote na kisu. Siku ile walininywesha soda, nikazinduka, na baada ya muda ikaanza kushuka tena, kwa sababu soda nayo ni sukari ile ile inayokwenda mbio. Kilichonituliza ni mayai mawili ya kuchemsha ambayo binamu aliamuru nile pole pole nikishaweza kumeza.

Sasa mkoba wangu una pipi chache za dharura na kifuko cha korosho, na anayekaa nami karibu anajua: pipi kwanza, korosho zifuate. Kitu kitamu nikikila, nakila kidogo sana na juu ya chakula chenye nyama au samaki, sikiweki kwenye tumbo tupu. Ramadhani niliirudia baada ya daktari kuniruhusu, na futari yangu nimeipanga upya. Tende moja, sio tatu. Maji mafunda machache. Naswali magharibi, kisha supu ya kuku au yai. Uji wa sukari na juisi ya miwa nimewaachia wenyewe. Kati ya futari na daku nakunywa maji kidogo kidogo mpaka najaza lita moja na nusu, na mwaka ambao mwili ulikataa, nilikula mchana nikalipa baadaye. Dini yetu imempa mgonjwa nafasi, na sioni sababu ya kuona haya kuitumia.

Damu nayo ina hadithi yake. Nilikuwa sikosi vidonge vyangu vya vitamini hata siku moja, naweka na kengele kwenye simu. Hata hivyo, kama mwaka wa tano, nilijikuta natafuna barafu. Mwanzoni ni zile za kwenye jagi, baadaye nikawa nagandisha vifuko vya maji makusudi, navunja kwa mwiko, natafuna usiku mbele ya televisheni. Kisha mvua ikinyesha, harufu ya vumbi lililoloa ikawa inanijaza mate. Nikaanza kununua udongo, ule wa vipande unaopangwa mafungu sokoni, wanaoununua wajawazito. Jirani yangu akanipongeza na kuniombea mtoto wa kiume.

Haikuwa mimba. Nilikuwa nahema nikipanda ngazi za ghorofa ya kwanza, moyo unapiga hadi masikioni. Zahanati moja walinipima malaria wakanipa dozi. Nyingine wakanipa vidonge vya kuongeza damu, nikavimeza kwa mwezi, na kipimo cha wingi wa damu kikasoma 7, pale pale kilipokuwa. Wa tatu ndiye daktari aliyeuliza kovu hizi ndogo tumboni ni za nini. Nilipomweleza, akaweka kalamu chini na kuchora kwenye karatasi. Madini ya chuma hufyonzwa zaidi pale utumbo unapoanzia, akasema, na hapo chakula chako hakipiti. Tena huhitaji asidi ya tumbo, na wewe asidi unayo kidogo. Ongeza hedhi nzito za umri wangu wa wakati ule, ongeza chai ya rangi niliyokuwa nakunywa na kila mlo, ambayo huzuia chuma kisifyonzwe, na ule udongo nao unazuia. Nikawekewa chuma kwa dripu. Hamu ya barafu ilikatika kabla hata nguvu hazijarudi, kana kwamba mtu amezima taa.

Tangu hapo sisubiri dalili. Mara moja kwa mwaka, na zaidi nikiwa na wasiwasi, napima wingi wa damu, akiba ya chuma, vitamini B12, foleti, vitamini D na kalsiamu. B12 nachoma sindano kila miezi mitatu. Chuma nameza asubuhi, kalsiamu nasogeza mchana kwa sababu vikikutana vinagombana, na chai nimeitenga na vyote viwili. Gharama ipo na ni ya kila mwezi, mpaka mwisho wa maisha. Nawaambia wanaotaka kuuza kiwanja wabakishe kitu, kwa sababu bei ya hospitali si bei yote. Na kuna jambo moja ambalo nalisisitiza mpaka watu wanachoka nami: aliyepasuliwa akitapika siku kadhaa mfululizo, asikae nyumbani akinywa maji ya limao. Vitamini B1 huisha mwilini ndani ya wiki chache tu, na ikiisha inaweza kuharibu mishipa ya fahamu na ubongo kwa namna isiyorudi.

Kingine ni kwamba wahudumu wengi tunaokutana nao hawajawahi kumwona mtu wa baipasi. Sisemi kwa kuwalaumu, ni wagonjwa wachache tu tulio nchini. Kwa hiyo karatasi ya upasuaji wangu nimeipiga laminesheni, iko kwenye pochi pamoja na kitambulisho, na nyuma nimeandika kwa kalamu ya wino mzito: asipewe diklofenaki wala ibuprofeni. Dawa hizo zinaweza kunitoboa kidonda pale mfuko ulipounganishwa na utumbo, na hapa kwetu ukienda na mgongo unauma, sindano ya diklofenaki ndiyo ya kwanza kuvutwa. Paracetamol inanitosha. Nimeandika pia kwamba maumivu makali ya tumbo, yanayokuja na kuondoka, yasichukuliwe kuwa gesi, hata kama upasuaji ni wa miaka mingi iliyopita, kwa sababu utumbo unaweza kujipenyeza kwenye uwazi uliobaki ndani na kujinyonga. Huo ni wa kupelekwa hospitali kubwa saa ile ile. Mume wangu anajua. Binti yangu anajua. Mwalimu mkuu naye anajua.

Ngozi iliyolegea sitaiongelea sana. Ipo, inachubuka kwenye joto, naiosha, naikausha vizuri, nafunga kanga laini ndani ya dera, basi. Kuikata ni fedha nyingine ambayo tumeamua iende kwenye ada. Kuhusu pombe, mimi si mnywaji, lakini mwenzangu mmoja tuliyefahamiana India alinielezea jinsi glasi moja ilivyoanza kumpanda upesi na kukaa, na jinsi mwaka wa pili, chakula kilipokuwa hakimfariji tena, glasi ikachukua nafasi hiyo. Madaktari wanalijua hili kwa wenye baipasi. Anayekunywa aambiwe kabla ya kupasuliwa.

Hilo la chakula kufariji nalijua vizuri. Mama yangu alipofariki, nilikaa msibani siku zile zote nikiwa na huzuni isiyo na pa kwenda. Maisha yangu yote, huzuni niliipeleka kwenye sahani. Sasa sahani iliniruhusu vijiko sita na kunifungia mlango. Lakini mwili una ujanja: visheti, biskuti, mihogo ya kukaanga iliyokauka, vitu vinavyovunjika na kuteleza, vinapita bila kukushibisha, na mtu anaweza kudonoa kutwa nzima. Kilo zangu nyingi zilizorudi zilirudi msimu ule. Sijilaumu kwa hilo, nilikuwa nimefiwa na mama. Kilichonisaidia haikuwa kujinyima zaidi. Shoga yangu mmoja alianza kunipitia jioni, tukawa tunatembea kutoka nyumbani hadi ufukweni Coco, yeye ananisikiliza namtaja mama, namtaja mpaka nachoka. Mpaka leo tunatembea. Upasuaji ulipunguza njaa ya tumbo, nao ni msaada mkubwa sana, ila kilio kilitaka mtu wa kukaa nacho.

Ila kuna mtu mmoja ambaye sikuambiwa na daktari yeyote nimwangalie, naye ni mtoto wangu. Binti yangu alikuwa mdogo nilipokwenda India. Amekua akimwona mama anakula kisahani cha chai, anajipima, anasifiwa na wageni: "Umependeza, umekuwa msichana!" Alipofika darasa la saba nikaanza kuona sahani yake inarudi na chakula. Nikadhani ni utoto. Siku moja nikamwambia amalizie wali, akanijibu kwa upole kabisa, "Nimeshiba, mama. Kama wewe."

Nilisikia baridi. Jioni ile nilimwita chumbani, nikafunga mlango, nikamwonyesha kovu zote. Nikamweleza kwa maneno ya umri wake kwamba mama alikuwa mgonjwa, kwamba tumbo la mama limefupishwa ili apone, na kwamba mama humeza vidonge kila siku kwa sababu chakula anachokula hakimtoshi. "Lako ni zima, na linajenga mifupa na damu yako. Ukila kama mimi, utaugua kama nilivyougua mimi." Akauliza kama yeye atanenepa kama nilivyokuwa. Sikumdanganya. Nikamwambia unene una urithi ndani yake, inawezekana, na ikitokea tutalishughulikia pamoja, mapema, bila matusi na bila njaa.

Mzani tuliutoa sebuleni siku hiyo hiyo, uko kabatini kwangu. Pale mezani miili ya watu haizungumzwi, iwe yangu, ya shangazi au ya msichana wa kwenye runinga, na mgeni akianza namkatiza kwa adabu. Binti anajipakulia mwenyewe. Imechukua muda, lakini sahani yake ilianza kurudi tupu. Mwanamke mwenye watoto akinipigia simu, hili namweleza hata asipouliza, na namwomba amweleze mtoto kabla ya safari, kwa sababu mtoto anaona yote na hujazia mwenyewe asiyoambiwa.

Mwaka wa saba sukari ilianza kupanda tena. Nilikwenda kupokea kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi mitatu nikiwa na furaha zangu, kikasoma 6.9, yaani kisukari kimerudi. Nililia kwenye bajaji. Kisha nikarudi kwa wale Wasweden: miaka miwili baada ya upasuaji, asilimia 72 ya waliokuwa na kisukari hawakuwa nacho tena, baada ya miaka 10 walibaki asilimia 36. Kisukari kinaweza kulala miaka mingi kisha kikaamka. Nimeanza metformini, kidonge cha kisukari, dozi ndogo, na sindano sijazirudia. Miaka niliyoishi bila sukari kuharibu macho na figo hainyang'anywi na kidonge hiki. Muuguzi wa kliniki aliponiuliza kama nimekata tamaa nilimjibu hapana, na nilikuwa namaanisha.

Kwa sasa shughuli yangu ni mifupa. Nina miaka 51, hedhi imekoma, na baipasi kwa upande wake hupunguza kalsiamu inayoingia, kwa hiyo mambo mawili yananijia kwa pamoja. Kalsiamu ninayotakiwa kumeza ni ya sitreti, kwa sababu ile ya kaboneti inataka asidi ambayo sina ya kutosha, na duka la dawa la mtaani kwetu huwa na ya kaboneti tu, kwa hiyo naagiza mjini. Nimeanza pia kunyanyua vitu vizito asubuhi, madumu ya maji ya lita 5, moja kila mkono, nikisimama na kuchuchumaa mpaka mapaja yanawaka. Nimeshapigwa picha ya kupima uimara wa mifupa, majibu yanatoka mwezi ujao. Na nimemwandikia daktari orodha ya vipimo ninavyotaka viangaliwe pamoja na picha hiyo: vitamini D, kalsiamu, na homoni ya zile tezi ndogo za shingoni zinazoisimamia kalsiamu, maana kalsiamu ya kwenye damu inaweza kusoma vizuri kabisa huku mwili unaichota mifupani.